Maneno Yasiyofutika Ghalani kwa Dwight

Orville Stambaugh alipaka rangi maghala ya Ohio kwa miaka thelathini na miwili, na mkono wake ulijulikana kaunti nzima. Hakutumia rula wala kamba. Alipanda na ndoo zake, akaanza na herufi ya katikati, akaenda huku na huku, na kabla ya chakula cha mchana ukuta ulisomeka: TAFUNA KENGELE NYEKUNDU, tangazo la tumbaku ya kutafuna. Mwenye ghala alipakiwa kuta nyingine bure, akaongezewa katoni ya tumbaku hiyohiyo. Wakulima walimwona Orville mtu wa heri. Naye alijiona hivyo, na hapo ndipo ninapomlaumu.

Binti yake Loretta alipoolewa na Dwight, Orville aliwapa zawadi aliyoiweza: ghala lao lote, na yale maneno upande wa nyumba. Herufi akazipiga mikono mitatu ya rangi nyeupe yenye madini ya risasi. "La mwanangu halitachuja," alijitapa.

Dwight hakuwa mtafunaji.

"Mkwe, utakaaje na tangazo hili na mdomo mtupu?" Orville alimwambia, akimsukumia pakiti ya kwanza. "Watanicheka mimi!"

"Haya, baba. Nisije nikakuaibisha."

Akatafuna miaka ishirini na sita. Kisha ikamjia saratani ya kinywa, madaktari wakamkata nusu ya taya. Tangu hapo alikunywa supu kwa mrija, na lake la kusema aliliandika kwenye daftari.

Orville akaenda kumwona, kachukua pai ya tufaha, kama tuendavyo sote kwa mgonjwa. Loretta alimzuia kibarazani.

"Pai, baba? Ataitafuna kwa lipi?"

Mzee alikosa pa kuiweka.

"Kila asubuhi akifungua dirisha anasoma TAFUNA. Nenda ukayafute. Yasipofutika, kwangu usikanyage."

Majuto ni mjukuu, na wa Orville alikuja amekwisha kukomaa. Akiwa na miaka sabini na minne alipanda ngazi, akapaka ukuta mzima rangi nyekundu. Mvua ikanyesha, herufi zikajitokeza. Akapaka tena. Mvua ya pili ikazirudisha, nyeupe, zimenyooka, hata moja haikupinda.

Alikuwa juu akipaka mara ya tatu Dwight alipotoka, akashika ngazi, akamwashiria ashuke. Akampa daftari.

*Siku ile ningekataa, ungekasirika?*

Orville alisoma mara mbili. Alitamani sana kusema hapana.

"Ningekasirika, mwanangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Ningekununia mwaka mzima."

Dwight aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelijua jibu zamani. Akamshika bega, kisha akarudi ndani.

Manyunyu yakaanza. Orville alitazama ukuta ukilowa, akaiona T, akaiona A. Akakusanya ndoo zake, akaondoka bila kungoja Loretta atoke.