Bendera ya Bhutan Tuliyoishona Firq

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Ibra huku Oman, Mudira, yule bibi mkuu wa kituo cha ushoni, alinipa mkasi na pande la kitambaa cha marekani, akaniambia nikate mstari ulionyooka. Nikakata. Akaliinua kwenye mwanga, akasema, "Rudia." Nikarudia mpaka adhuhuri. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa sisi, si nyinyi mnaotaka cheti kwa wiki mbili.

Baadaye nikapelekwa Sur kushona sare za skuli, kisha Firq, kwenye karakana ya bendera. Mkubwa wetu huko alikuwa Msimamizi, kijana wa Maskati, wazee wake wa Unguja. Sindano hajapata kuishika.

Siku moja mwalimu wa jiografia wa skuli ya wasichana akaagiza bendera za falme za Asia kwa maonyesho, na ya Bhutan ikiwemo. Nikamuuliza ndiyo wapi huko. Akanieleza: ufalme mdogo kwenye milima ya Himalaya, baina ya Uchina na Uhindi, hauna pwani, mji mkuu wake Thimphu, na wenyewe huita kwao nchi ya Joka la Radi. Bendera yao ni pembetatu mbili, ya manjano juu, ya rangi ya chungwa chini, na joka jeupe limelala juu ya mshono, limeshika vito kwenye kucha.

Msimamizi, aliyezoea kuniita Khala, yaani mama mdogo, akaitazama picha aliyoileta mwalimu. "Khala, joka liache. Magamba yote haya nani atayatarizi? Kinchi hakina hata bahari, nani anakijua?"

Damu ikanichemka. Mimi nimezaliwa Tabora, bara, nako hakuna bahari. Tangu nije Oman naitwa Mzanzibari; nikisema Tabora, naambiwa, "Ndiyo hiyo hiyo." Siyo hiyo hiyo!

"Bila joka, hicho ni kitambaa cha meza," nikamwambia.

"Darasa la nne hukumaliza, utanifunza bendera?"

"Darasa sikumaliza. Kazi namaliza."

"Haya, lishone. Lakini cherehani utaisahau, utapiga pasi."

Nikalishona. Kwanza nikapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kisha nikatarizi gamba moja moja kwa mkono, siku nne.

Baada ya maonyesho Msimamizi akanijia kwenye pasi, anacheka. "Umeona, Khala? Watu wamepita kutwa, hakuna aliyeuliza habari ya joka lako."

"Hawakuuliza kwa sababu lilikuwepo."

Nilibaki kwenye pasi mpaka nikastaafu, na cherehani sikumwomba anirudishie. Sasa nimekaa Al Qabil, na wajukuu wananambia, "Bibi, ulijiponza kwa nchi usiyoijua." Nilijiponza nini? Mwalimu aliagiza kitu sawa, akapewa sawa. Anayeona hilo ni dogo, sindano yangu asiiguse.