Mpiga Chapa Wangu na Kompyuta Isiyomsikia

Mkija kuulizwa mpiga chapa wangu alikufa mwaka gani, msihangaike na kalenda. Semeni ni mwaka huu wa mvua zisizojua kukatika, tunaokula mihogo asubuhi kwa chai ya rangi, mchana kwa dagaa, usiku mitupu, kwa kuwa malori ya mchele yamekwama matopeni huko bara na nyanya moja inaunga mchuzi wa nyumba nzima. Nilikuwa barazani kwangu Kinondoni namenya mihogo hiyo hiyo, jirani akaingia bila hodi. Mtu akiingia bila hodi huna haja ya kumwuliza kwema. "Bibi, shoga yako wa Temeke hatunaye. Presha. Wanazika baada ya adhuhuri." Nikavua viatu, nikavuka maji ya barabarani hadi magotini, na nilipofika wanaume walikuwa wameshaliondoa jeneza. Sikupata kumuaga. Na nilikuwa na neno la kumwambia, neno nililolikalia wiki tatu kama kuku anayeatamia yai bovu.

Nyie mnaoisoma safu hii labda mnadhani naandika mwenyewe. Siandiki. Shule yangu ni ya ngumbaru, nasoma kwa kufuata kidole, na nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau mwanzo wake. Maneno ndiyo yangu, na hayo sijaazima kwa mtu. Kuyaweka kwenye karatasi ilikuwa kazi ya marehemu. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma tangu usichana wake hadi siku shirika lilipouzwa, wakaambiwa "mmepunguzwa", kana kwamba watu ni chumvi iliyozidi mchuzini. Akarudi nyumbani na taipureta kuukuu, akaiweka mezani kwake Temeke, akawa anawaandikia watu barua za kesi, za kuomba kazi na za kuomba radhi. Mie nilikuwa naye kila Jumatano. Nasema, anapiga, na tukimaliza ananisomea yote kwa sauti, neno kwa neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu: kazi haitoki mle ndani mpaka nimesomewa.

Halafu gazeti likasema halitaki tena karatasi, linataka disketi. Wakamletea kompyuta ya kukunja, ile ya kupakata mapajani, mtumba kama mitumba yetu mingine ya siku hizi za kila kitu ruksa. Imeshachokwa na wenzetu huko ilikotoka, ndipo ikaja kwetu kuitwa maendeleo. Chini ya herufi zake kulikuwa na kibao laini, kama ukubwa wa kasha la kiberiti, cha kutelezeshea kidole ili mshale mdogo utembee kwenye kioo. Ehe! Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Vidole vya marehemu vilikuwa na sugu kwenye ncha kwa kugonga taipureta, vigumu kama kisigino cha mtembea peku. Anakisugua kibao, mshale umelala. Anakisugua tena, umelala. Akirudi kwenye herufi zake, kiganja kikigusa pale kidogo tu, mshale unaruka hadi juu kabisa na maneno yanakwenda kuandikika huko huko, katikati ya habari nyingine.

"Tulia, mwanaharamu wewe!" alikuwa akikiambia, jasho linamtiririka.

"Unamtukana nani, shoga?"

"Hiki kidude. Nikikigusa hakinisikii, nisipokigusa kinanisikia. Kama marehemu mume wangu."

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Akajaribu kujipaka poda mikononi, wapi. Akakifunika kwa kipande cha boksi la majani ya chai, mshale ukatulia, lakini ukatulia moja kwa moja, hata kuufikisha pa kuhifadhia kazi haikuwezekana. Akalibandua boksi. Ikawa anapiga chapa viganja viko hewani, mabega yamepanda masikioni, na jioni anaomba achuliwe mgongo. Hakulalamika kwa gazeti hata siku moja. Alishapunguzwa mara moja, aliogopa wasije wakasema bibi huyu haiwezi mashine.

Sasa nisikilizeni, maana hili ni la aibu yangu. Mtakumbuka ile safu niliyoandika nilipomwoza binti yangu huko Kimara. Nilitaka kuwashukuru wakwe, na chini kabisa nikamsema mwuza nyama mmoja wa sokoni kwetu, kwamba ukigeuza shingo tu nyama imepungua. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kusuka ukili wa mkeka wa kumpelekea bibi harusi. Marehemu akasema, "Kaa nikusomee, bi mkubwa." Nikamjibu, "Maneno yangu nayajua, peleka." Akanitazama. Akapeleka. Gazeti lilipotoka, mama mkwe wa binti yangu alikuwa amesifiwa mstari mzima, kwamba alitupokea kwa mikono miwili na pilau la kushiba, na papo hapo, pua kwa pua, likafuata lile neno: ukigeuza shingo tu nyama imepungua. Kimara nzima ikasoma kwamba yule mama aliiba nyama ya pilau la harusi ya mwanawe.

Nikaenda Temeke nimejifunga kanga kibwebwe. Palikuwa na wateja wanne barazani. Sikumwita ndani. Nikasema mbele yao wote, "Mikono yako imezeeka. Kama kazi imekushinda, waachie wenye mikono." Aliificha mikono ile chini ya meza, kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nikaondoka najiona mshindi.

Wiki ya pili nikapanda hadi gazetini kumshitaki kwa mhariri. Mhariri, mtu mzima mwenye adabu zake, akanipa shikamoo, akafungua kompyuta kama ile ile na kuanza kuandika jina langu. Mshale ukaruka mbele ya macho yangu, nusu ya jina ikabaki chini, nusu ikapanda juu. "Bibi," akasema, "hiki kibao kinatutesa wote humu. Ndiyo maana tunasoma kazi tena kabla ya kuipeleka." Kusoma tena! Niliona haya hadi kwenye nyayo. Niliyekataa kusomewa ni mie. Nikasema nitamwendea Ijumaa. Ijumaa ikanyesha, nikasema nyingine. Ikanyesha tena. Kumbe mvua ilikuwa kisingizio tu, nilichoogopa ni kusema "nisamehe" kwa mdomo huu uliozoea kuwasema wengine.

Matangani dada yake akaniketisha pembeni. Akaniambia kwamba baada ya siku ile marehemu alikuwa akishinda na mashine mapajani, anaandika, anafuta, anaandika. Kila anayepita humnyooshea mikono na kumwuliza, "Hebu nitazame, inatetemeka hii?" Wakamwambia haitetemeki. Hakuwaamini. Aliniamini mie.

Siku hizi vitu vinaingia mjini kwa meli na kwa ndege, na vikigoma hatuviulizi vyenyewe. Tunamgeukia mtu aliyevishika, hasa akiwa mtu mzima, hasa akiwa ameshaambiwa mara moja kwamba hahitajiki. Ulimi hauna mfupa, lakini huu wangu umevunja mtu. Mwenye mtu anayemfanyia kazi na akampata na kosa, na akae kwanza asomewe. Safu hii ameiandika mhariri mwenyewe nikimsemea. Amenisomea mara mbili, na mara zote mbili nimelia mahali pamoja.

Limebaki moja. Juzi mama mkwe wa binti yangu alikuja kwangu na mzee wa ukoo wao. Binti yangu ana mimba, na tangu lile gazeti hajaruhusiwa kukanyaga hapa.

"Tumalize," mama mkwe akaniambia. "Andika kwamba mpiga chapa ndiye aliyeharibu. Jina langu litasafika, na mtoto akizaliwa nitakuletea umpakate."

"Nitaandika ni mashine."

"Mashine haina jina, bibi. Watu wanataka mtu."

"Basi nitaandika ni mie."

"Ukisema ni wewe watasema ulikusudia. Marehemu amekwishakwenda, haumii. Mtaje yeye."

"Siandiki. Mwenzangu hakukosa."

Yule mzee akajikohoza, akasogeza mkeka karibu. "Bibi, mfikirie mjukuu. Utazeeka humjui sura. Mstari mmoja tu."

Nikamfikiria. Wallahi nilimfikiria, hadi nikahisi uzito wake mikononi.

"Siandiki. Mwenzangu hakukosa."