Beri za Mama Yake Demetria

Jirani yangu hapa Mwananyamala, Mwalimu Demetria, alipoleta miche ya beri nyeusi kutoka kwao Upareni, mie nilimcheka. Beri kwenye joto hili la Dar! Kumbe alikuwa anampandia mama yake mgonjwa, anayelala chumba cha uani na kuuliza kila asubuhi, "Hazijaiva tu?"

Beri hazina haraka. Tawi linalochipua mwaka huu halizai mpaka mwakani. Mwaka mzima Demetria alimwagilia miiba mitupu. Mwezi huu ndipo ikashika vitunda vya kijani.

Jana mumewe, Elinaza, akasafisha ua kwa ajili ya wageni wa Krismasi, na ile miiba akaifyeka yote. Wanaume na mapanga yao! Demetria akarudi kutoka sokoni, akamkuta anatokwa jasho, kafurahi.

"Mama Hope, si itachipua tena?" Elinaza akamuuliza mkewe.

"Itachipua, izae mwakani! Mama yangu unamwonaje, Baba Hope? Ana mwakani yule?"

Mtaa mzima tulisikia. Dirisha la uani likafunguka taratibu.

"Mwanangu, usimfokee mwenzio. Hizo beri mimi hata sizipendi."

Leo asubuhi hakuuliza.