Magoti ya Mama Kanisani Ufaransa

Figo za kaka yangu zilipofeli, mama alitaka kumpa moja ya zake, lakini madaktari wa Toronto wakamkatalia kwa sababu ana sukari. Basi akageukia Ufaransa. Padri Mfaransa aliyembatiza kule Bukoba alikuwa na picha ya kanisa kuu la kwao, na aliwafundisha watoto wa mafundisho kwamba kanisa lao ni binti wa lile. Ukiwa na shida kubwa, mama akasema, huendi kwa binti, unakwenda kwa mama mwenyewe. Mimi niliona anajisumbua bure, lakini nani angembishia? Tukamwacha kaka nyumbani, mtaa wa Flemingdon Park, na mkewe, aliyekuwa akimpeleka kusafishwa damu, tukapanda ndege.

Sikatai, lile kanisa ni zuri. Nguzo zinapanda mpaka shingo inauma, na vioo vya rangi vinamwaga bluu na nyekundu sakafuni, juu ya raba za watalii. Mama hakutazama juu hata mara moja. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, akaanza kwenda altareni kwa magoti, rozari mkononi, kama wafanyavyo kwao Bukoba mtu akiwa na nia nzito. Watu wakampisha. Kisha wakatoa simu, wakaanza kumpiga picha. Nilitamani kuwazaba makofi.

Njiani akakuta kamba. Mlinzi mmoja mpole akaniambia altare inatengenezwa, na misa husaliwa Jumapili tu, pembeni. Sisi tulikuwa tunaondoka Jumamosi. Nikamweleza mama. Akabaki palepale, amepiga magoti, akiwatazama watu waliovaa spika masikioni.

"Wanaosali wako wapi?" akaniuliza.

"Hawa ni watalii, mama."

"Kumbe! Walituletea dini sisi, wenyewe wakahama."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatia rozari mfukoni kabla hajaimaliza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na hapo nikaogopa kweli.

Tuliporudi, kaka alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba. Tangu ujana alikuwa akimtania mama kwa dini yake. Siku ile alijikokota akakaa wima.

"Enhe, mama. Ulifika?"

"Nilifika."

"Kukoje?"

"Ni kuzuri, mwanangu. Kanisa kubwa kweli."

Kaka akamkazia macho, akingojea mengine. Mama akainama, akaanza kumvua soksi.