Vitenge Mbele ya Maman Pétronille

Kwa miaka kumi na tisa, Jumapili za Maman Pétronille zilikuwa za wagonjwa wasio na ndugu hospitalini, na binti yake Carine hakuwa amemsamehe kwa kumwacha nyumbani. Leo, mama huyo alipoitwa kupokea nishani katika ukumbi wa komini, yaani manispaa, ya Forest huko ughaibuni, akina mama wa Kivu walifungua vitenge vya juu viunoni mwao, wakavitandika njiani.

“Bitenge bipya hibi nikanyage? Bikichafuka, nani atafula?” Maman Pétronille akauliza.

“Kanyaga tu, maman! Ulitulindaka tukiwa peke yetu kule hospitali!”

Akavua viatu, akapita taratibu. Carine alitazama: kumbe mama aliwalinda watu wote hawa! Vitenge vikaishia hatua moja kabla ya jukwaa. Carine akafungua chake, akapiga magoti, akakitandika.