Salamu za Mama Kizingitini

Harufu ya dagaa walioanikwa juani, hata nikiikuta sokoni mbali na ziwa, hunirudisha Kalemela, kwenye nyumba yetu ya likizo. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule, bati lake likishika kutu upande wa ziwani, nayo ilitutosha wazazi na watoto watatu. Baba aliijenga ili tupate pa kupumzikia shule zilipofungwa kwetu Nyalikungu. Majirani wavuvi walitucheka kwa upole: nyumba isiyo na ng'ombe wala mkazi wa kudumu, ya nini?

Mwaka uliofuata kifo cha baba, nikiwa na miaka tisa, tulikwenda kama kawaida. Asubuhi ya pili akaja baba mkubwa, kaka wa marehemu, pamoja na wapagazi wanne wenye magunia ya dagaa vichwani. Alikwisha kuwatangazia majirani kwamba nyumba ni ya ukoo, na kuanzia siku hiyo ingekuwa ghala lake. Mjane angeweza kupumzika hukohuko Nyalikungu.

Mama akatoka, akapiga magoti kizingitini, kama mwanamke wa Kisukuma amsalimuvyo shemeji aliyemzidi umri.

"Mwangaluka, baba," akasema.

Baba mkubwa akaitikia. Mama hakuinuka. Aliuliza hali ya wake zake, kisha watoto, mmoja mmoja kwa majina. Salamu zikaingia zizini kwake, akaulizia ng'ombe kwa rangi zao. Akahamia kwenye mvua, pamba na choroko. Mlango ulikuwa mwembamba, na hakuna mwanamume mwenye haya ambaye angemruka mjane wa mdogo wake aliyepiga magoti, majirani wakitazama.

Jua likapanda. Mpagazi mmoja, shingo ikianza kumlemea, akauliza, "Mzee, tutue, au salamu zinakaribia kwisha?"

Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa mchangani wakaangua kicheko.

"Mama Limi, nipishe basi," baba mkubwa akasema hatimaye. "Nipishe, nakuomba, watu wanatuangalia."

"Heshima yako yote nimekupa, baba," mama akajibu kwa sauti ya chini, magoti palepale. "Nyumba sikupi."

Magunia yakageuzwa njia, yakaenda kuhifadhiwa kwa mvuvi mmoja upande wa pili wa mwalo, pale mitumbwi ilipotia nanga. Baba mkubwa hakuja tena kuidai nyumba ile, na mpaka leo likizo zetu tunakwenda kuzimalizia humo, majirani wacheke wasicheke.

Lakini siku ile niliona aibu kubwa. Nilisimama nyuma ya pazia nikimtazama mama akiwa chini, mbele ya watu wote, nikakataa chakula cha mchana, na nikaapa kwamba mimi sitampigia mtu magoti maishani. Ilinichukua miaka mingi, na vitabu vingi visivyonisaidia, kutambua kwamba aliyekuwa akiomba asubuhi ile ndiye aliyekuwa amesimama.