Babu Hakulazwa Kifudifudi

Siku ya kwanza nilipobandua karatasi kwenye ubao na kuona mstari niliouchora kwa mkono wangu umetoka mweusi tii, nilipiga kelele mpaka mhadhara wa chumba cha pili ukasimama. Sitanii. Mhadhiri wa watu alikuja mlangoni kuuliza nani ameumia. Mwalimu wetu akamjibu, "Hajaumia mtu. Huyu amepata chapa yake ya kwanza." Picha yenyewe ilikuwa ya kuku, na nikisema kweli alifanana zaidi na jiwe, lakini nilimtembeza chuo kizima.

Nilikuwa mwaka wa kwanza hapa hapa Tabora mjini, nasomea ualimu wa sanaa. Somo la chapa za mkono nililichukua kwa sababu lile la ushonaji lilikuwa limejaa. Basi, hakuna cha ndoto wala nini. Mimi nilijua chapa ni mambo ya fulana na mabango ya kampeni. Kumbe kuna hii: unachora, unabandika mchoro kwenye ubao, unachonga na kuondoa mbao kila pasipo na mstari, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake, unasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono unakufa ganzi. Halafu unabandua. Jamani, ile kubandua! Unashika pembe mbili za karatasi, unavuta polepole, na hujui kabisa nini kinakuja. Nilinogewa mpaka nikawa naota patasi.

Wageni wakija Tabora huulizia njia ya zamani ya misafara. Mimi mwaka ule njia ile niliijua kwa maseremala wake tu. Nilikuwa napita karakana moja baada ya nyingine, shikamoo nyingi mdomoni, naomba vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda na milango. Mzee mmoja aliniuliza nachonga miiko ya kuuza au vipi. Nikamwambia nachonga picha. Akanitazama, akanipa kipande kizuri kuliko vyote, nadhani kwa kunihurumia.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa sura ya mtu, nakala tano zinazofanana, kwa njia ya zamani. Hakuna kompyuta, hakuna kufuatisha picha ya simu, ni mchoro wa mkono peke yake. Wenzangu wakaanza kubishana nani amchore mchezaji gani wa mpira. Mimi nilishajua kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Nitamchonga Babu.

Babu yangu sikumwona. Yeye na Bibi walikuja Ulyankulu wakikimbia kutoka Burundi, wakapewa pori, wakalifyeka, wakalima, na akafa kabla mimi sijazaliwa. Bibi ndiye aliyenilea. Picha ya Babu ilikuwa moja tu, ndogo, imewekwa kwenye sanduku, na mchwa wakala sanduku, wakala picha, wakala na kitenge cha harusi. Likizo iliyotangulia Bibi aliniambia neno lililonikaa moyoni. Alikuwa anapepeta maharage, hata hakuinua kichwa. "Mjukuu wangu, uso wa babu yako unanitoka. Jina lipo. Kikohozi chake kipo, hata sasa hivi naweza kukuigizia. Uso ndio unaondoka."

Kwa hiyo nilichokitaka kilikuwa kimoja. Nilitaka Bibi aitazame karatasi aseme, huyu ndiye. Maksi zingefuata zenyewe.

Nikaenda Ulyankulu na makaratasi na mkaa. Siku mbili nzima nilichora, Bibi ameketi pembeni ananisimamia kama polisi. "Pua hiyo ya mjomba wako, futa." "Midomo umemnenepesha, babu yako hakula vizuri hivyo." "Jicho moja lilikuwa limelala kidogo, hili hapa." Kovu lilikuwa shavu la kushoto, alikwaruzwa na tawi wakati wa kufyeka pori. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza upya. Nilikuwa na furaha ya ajabu, maana kila nilipofuta alizidi kuja. Mtu nisiyemjua alikuwa anatokea mezani kwetu.

Jumapili mchana, tulipotoka misani, nikamwekea mchoro uliokamilika. Aliutazama sana. "Ni yeye," akasema. Nikaruka. "Ila ni kama ndugu yake."

"Nimekosea wapi?"

"Sijui. Kila kitu kipo. Yeye hayupo."

Nilivimba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Nikamwambia, "Bibi, kama kila kitu kipo, yeye amekwenda wapi?" Akacheka. "Ona, hata kuvimba huko umerithi kwake." Nikakunja mchoro wangu, nikarudi chuoni nikijipa moyo kwamba patasi itamaliza kazi. Mstari wa kuchonga una nguvu kuliko wa mkaa, labda ndiko Babu alikokuwa amejificha.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwalimu alieleza vizuri kabisa, tena mara mbili. Paka ubao gundi ya uji wa muhogo. Chukua mchoro wako wa karatasi nyepesi, ulaze uso chini kwenye ubao. Pakaza mafuta kidogo ya kupikia mgongoni mwa karatasi, mistari itaonekana. Kisha chonga moja kwa moja kupitia karatasi. Nilielewa. Nikapaka gundi, nikamshika Babu kwa pembe mbili, nikamgeuza, na mkono ukagoma.

Mzee wa watu, amefyeka pori, ametuzaa sisi wote, halafu mimi nimshindilie uso kwenye gundi, kifudifudi? Kwetu hata marehemu halazwi hivyo. Nilijaribu mara ya pili, nikashindwa kabisa. Nikatazama huku na huku, mwalimu yuko meza ya mbali. Nikamlaza Babu chali, uso juu, nikamlainisha taratibu kwa kiganja, nikasema moyoni, samahani Babu, sasa tuanze. Nilijiona mwenye adabu kuliko darasa zima.

Nilichonga wiki mbili. Karatasi inakatika pamoja na mbao, mchoro unaisha kadiri ubao unavyotokea, na jioni unafagia vipande vya vyote viwili. Mninga una harufu nzuri ukichongwa, nguo zangu zote zilinukia. Vidole vilijaa plasta. Mwenzangu wa meza, kijana wa mjini mwenye maneno mengi, akasema naoa ubao. Nikamwambia harusi ni Ijumaa, alete zawadi.

Ijumaa ikafika. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua na kijiko mpaka jasho. Darasa lote lilisogea, maana niliwatangazia kwa wiki mbili. Nikabandua.

Alikuwa mzuri! Mweusi, mkali, macho yanakutazama. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa nacheka na kulia pamoja, mpaka nikaona kovu. Kovu lilikuwa limehama, limekwenda shavu la kulia. Jicho lililolala nalo limehamia upande wa pili. Kijana wa meza yangu akasogeza kichwa, akasema polepole, "Aisee, umeyatimba."

Ni jambo ambalo mtoto yeyote aliyewahi kushika muhuri wa mtendaji wa kijiji anajua. Kilichoko kulia kwenye muhuri hutokea kushoto kwenye karatasi. Ndiyo maana mchoro hulazwa uso chini, ugeuke kwenye ubao ili urudi sawa kwenye chapa. Mwalimu akaja, akatazama ubao, akatazama chapa.

"Ulibandika uso juu. Kwa nini?"

"Mwalimu, ni babu yangu. Ningemlazaje kifudifudi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Ni mama wa Kinyamwezi, mkali wa kazi, sijawahi kumwona anababaika, lakini aliugeuzageuza ubao mkononi kabla ya kusema, "Kwetu pia tusingemlaza." Kisha akarudi kwenye ukali wake. Chapa ni safi, sura ni sura, nitoe nakala tano, nitafaulu.

"Mimi sina shida na kufaulu, Mwalimu," nikamwambia. Mchoro wenyewe nilishaufagia, vipande viko kwenye pipa. Kuchora upya ni siku mbili nzima na Bibi pembeni, na uso unazidi kumtoka. Nikamweleza yote, mchwa, maharage, kikohozi, nimesimama pale na wino mpaka viwiko.

Akanisikiliza. Halafu akasema, "Paka wino. Haraka, usikauke." Nikatoa chapa nyingine, na ikiwa bado mbichi akalaza karatasi safi juu yake, akanipa kijiko. "Sugua kama unagombana naye." Nikasugua. Tukabandua, na kwenye ile karatasi ya pili akatokea Babu mwingine, hafifu, wa kijivu, lakini kovu limerudi shavu la kushoto. Chapa ya chapa! Nilimkumbatia mwalimu nikamchafua gauni lote. Alinigombeza, nikamkumbatia tena.

Nakala tano nyeusi nikazikabidhi. Jumamosi asubuhi nilikuwa njiani kwenda Ulyankulu, nimekumbatia bomba la karatasi kifuani, naomba Mungu mvua isinyeshe. Ndani mlikuwa na Babu wa kijivu. Nilikuwa nimemfungia ndani ya chapa nyeusi iliyobaki, ili asikwaruzike.

Nilimkuta Bibi ndani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mbona unahema?" Nikafungua haraka, nikaiacha ile nyeusi kwenye bomba, nikamtandikia ya kijivu mapajani. Akaisogeza karibu na dirisha. Akaisogeza mbali. Akapitisha kidole kwenye kovu.

"Ni yeye," akasema. "Umefanya kazi, mwanangu."

Nikasubiri.

"Ila bado ni kama ndugu yake."

Sikuvimba safari hii. Nilikaa chini tu kwenye mkeka. Nilitaka kumwambia asiseme tena.

"Na hiyo nyingine?" Bibi akaonyesha bomba kwa kidevu.

"Hiyo imeharibika. Nilikosea. Kila kitu kiko upande usio wake."

"Lete."

"Bibi, imekosewa."

"Nimekwambia lete."

Nikaivuta. Hakuisogeza karibu wala mbali. Aliitazama tu, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Ego," akasema kwa Kirundi, ndiyo, na tena, "Ego, ego." Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka.

"Huyu ndiye! Huyu ndiye mwenyewe!"

"Bibi, kovu liko shavu la kulia."

"Naliona, mimi si kipofu." Akanivuta karibu, sauti akaishusha ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani. "Nikwambie, na mama yako usimwambie. Mimi nilipoolewa, mwali hakumtazama mume usoni. Aibu! Unaangalia chini mwaka mzima. Lakini babu yako alikuwa ananyoa kila asubuhi. Kioo amekitundika mlangoni, mimi nimesimama nyuma yake na bakuli la maji. Macho yake yako kwenye wembe. Basi hapo ndipo nilipokuwa namtazama mpaka nashiba. Na hata baadaye, tumeshazaa, tumeshafika huku, aibu imekwisha, kila asubuhi niliendelea kushika bakuli. Uso wake niliujulia kule kiooni."

Nikapiga kelele kama siku ya kuku. Kuku halisi wa jirani walikimbia. Nilimrukia, nikamkumbatia, nikambusu mpaka akanisukuma kwa kiwiko.

"Nitakuwekea fremu," nikamwambia, "nitakuletea na nyingine, nitakuchongea—"

"Baadaye. Sasa toka nje kidogo, mjukuu wangu. Nina maneno na mume wangu."

Nikatoka, nikaurudisha mlango. Nilikuwa sijafika hata kwenye jiko alipoanza kumgombeza kwa Kirundi, anamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.